Banda la gari haligeuki chumba kwa kupaka rangi

Barua za ujenzi mwezi huu zimekuja na swali moja lenye sura nyingi: gari limeuzwa au linalala nje, gereji iko tupu, tufanyeje iwe chumba? Tumechagua barua saba. Sheria za Dar es Salaam si za Nairobi, wala za Nairobi si za San Diego, lakini kasoro za banda la gari ni zilezile kila mahali. Sakafu imeinamishwa makusudi ili maji yatoke. Mlango ni mpana kuliko dirisha lolote la nyumba, na chini yake mara nyingi hakuna msingi. Hewa ilikuwa ikiingia kwa uwazi wa mlango tu. Ofisa wa halmashauri anayeonekana msumbufu kwa maswali yake, ukimsikiliza vizuri, anauliza hayo tu.

SWALI: Nina nyumba Mbezi Beach, kiwanja kimepimwa na hati ninayo. Banda la gari lina upana wa mita 3.2 na urefu wa mita 5.6, limeshikana na nyumba, na ukuta wake wa nje ndio huohuo uzio kati yangu na jirani. Nataka liwe chumba cha mama mkwe, chenye choo na bafu ndani. Fundi anasema kwa kuwa sijengi nyumba mpya, kibali hakihitajiki. Ni kweli? — Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Si kweli. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inakataza kuendeleza ardhi ndani ya eneo la mipango bila idhini ya mamlaka ya upangaji, na kuendeleza si kuinua kuta mpya peke yake. Kuziba mlango, kufungua dirisha, kuongeza choo na kuunganisha maji taka ni mabadiliko ya jengo, na ramani uliyopitishiwa mwanzo haina vitu hivyo. Unachoomba ni kibali cha mabadiliko ya jengo lililopo. Fundi anayesema vinginevyo hatakuwepo siku ukuta unachorwa X nyekundu ya kubomolewa.

Habari njema ni kwamba ombi lako ni dogo. Chumba cha kulala ndani ya kiwanja cha makazi hakibadili matumizi ya ardhi. Ungetaka banda liwe fremu ya duka au saluni, ungeingia kwenye safari nyingine kabisa ya kubadili matumizi, ambapo majirani nao hupewa nafasi ya kusema.

Anza na mchoraji aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Usikubali mchoro wa chumba peke yake. Seti inayopita bila kurudishwa ina ramani ya kiwanja kizima ikionyesha mipaka na umbali wa kila ukuta hadi mpaka, ramani ya sakafu kama ilivyo sasa na itakavyokuwa, mchoro wa mkato kuanzia msingi hadi paa, sura za nje za pande zinazobadilika, na mstari wa bomba la maji taka kutoka choo kipya hadi chemba na karo. Kitu kinachorudisha maombi mengi ni huo mstari wa bomba, kwa sababu wachoraji wengi huuchora kwa kukisia. Ambatisha nakala ya hati, risiti ya kodi ya pango la ardhi ya mwaka huu, na ramani ya zamani iliyopitishwa kama unayo. Maombi hupelekwa halmashauri kwa mfumo wa mtandaoni uitwao TAUSI. Ada inategemea sheria ndogo za halmashauri yako, kwa hiyo lipa kwa namba ya malipo ya serikali tu, usimpe mtu fedha mkononi.

Sasa tuje kwenye tatizo lako halisi, ambalo fundi hakuligusa: ukuta ulio mpakani. Gari haliombi dirisha. Mtu analiomba, na dirisha haliwezi kufunguka kwa jirani. Kipimo cha kawaida cha chumba cha kulala ni eneo la dirisha lisilopungua sehemu moja ya kumi ya sakafu. Sakafu yako ni mita za mraba 17.9, hivyo unahitaji kama mita 1.8 za mraba. Dirisha la mita 1.5 kwa 1.2 mahali palipokuwa mlango linatosha kwa hesabu, lakini kwa joto la Dar dirisha moja halipitishi hewa. Huingia na kuzunguka hapohapo. Weka la pili dogo ukuta wa nyuma, hata la sentimita 60 kwa 60, juu kidogo. Kama nyuma nako kumezibwa na chumba kingine, fikiria upya kabla hujalipa mchoraji, kwani chumba hicho kitakuwa tanuri.

Jambo la pili mpakani ni paa. Banda nyingi zimepauliwa kwa mteremko mmoja unaomwaga maji kwa jirani, na watu wamevumiliana. Ukiomba kibali, uvumilivu huo unakwisha. Onyesha mfereji wa bati na bomba la kushushia maji ndani ya kiwanja chako.

Choo kisiwekwe kabla ya kupima chini. Bomba la inchi nne linahitaji kushuka sentimita 1 kwa kila sentimita 40. Kama chemba iko umbali wa mita 12, tofauti ni sentimita 30 kati ya bomba linapotoka chooni na linapoingia kwenye chemba. Sakafu za banda kwa kawaida ziko chini ya sakafu ya nyumba kwa sentimita 10 hadi 15, na hapo ndipo hesabu inapokataa. Mafundi hulilaza bomba, choo kinafanya kazi miezi mitatu, kisha kinaziba kila wiki. Njia ya pili wanayoipenda ni kupandisha choo kwa kingo ya sentimita 20. Kwa kijana sawa. Kwa mama mkwe anayeamka usiku, kingo hiyo ni nyonga iliyovunjika. Afadhali choo kikae ukuta wa upande wa nyumba, karibu na bomba lililopo, hata kama kitanda kitahamia upande usiopendeza.

Umeme usivute kutoka kwenye taa ya banda. Chukua saketi mpya kwenye kisanduku kikuu: waya wa mm 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, na kama atataka hita ya kuogea ya papo kwa papo, waya wake peke yake wa mm 6 na breka yake.

Kibali kikitoka, nakala yake na michoro yenye mihuri vikae eneo la ujenzi muda wote, na bango liwekwe. Mkaguzi hataki kusikia kwamba viko kabatini.

SWALI: Tuligeuza gereji kuwa chumba mwaka jana. Sakafu iliwekwa tailizi juu ya ileile ya zamani. Masika yalipokuja tailizi zililowa, godoro likaota ukungu, na pale palipokuwa mlango pana ufa unaopanda hadi dirishani. Fundi anasema ni maji ya mvua tu, tupake rangi ya kuzuia maji. — Msomaji, Tanga

JIBU: Rangi haitasaidia, na pesa ya rangi itahitajika kwingine. Mna matatizo mawili yaliyokutana mahali pamoja.

La kwanza ni unyevu wa chini. Jamvi la banda la gari mara nyingi humwagwa moja kwa moja juu ya moramu, bila nailoni, kwa kuwa tairi halijali. Thibitisheni wenyewe. Ng'oeni tailizi nne katikati ya chumba, mbali na ukuta, mkwangue gundi hadi zege lionekane, pakauke siku moja. Kateni nailoni safi isiyo na tundu, sentimita 45 kwa 45, mbandike kingo zote nne kwa utepe mpana bila kuacha upenyo. Iacheni usiku kucha, isipungue saa 16. Asubuhi ibandueni polepole. Kama upande wa chini wa nailoni una matone, au zege limebadilika rangi na kuwa jeusi kuliko lilivyo nje ya mraba ule, maji yanapanda kutoka ardhini. Kama ni kavu, tafuteni maji kwenye ukuta au paa.

Wakati mna nailoni pale, chukueni mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha ndani, mpime mteremko. Mtu mmoja ashike ncha ukuta wa nyuma, mwingine pale palipokuwa mlango. Wekeni alama ya usawa wa maji pande zote mbili, kisha pimeni kutoka kila alama hadi sakafuni. Kwa banda la urefu wa mita 5.6, tofauti ya sentimita 9 ni ya kawaida. Kabati linaloegemea mbele bila sababu, sababu yake ni hiyo.

Tiba ya sakafu ni moja. Ondoeni tailizi zote. Tandikeni nailoni ngumu ya geji 1000 chumba kizima. Inapokutana ipandane sentimita 30 na kubandikwa, na pembeni ipandishwe ukutani hadi ifikie ile karatasi ya kuzuia unyevu iliyo ndani ya ukuta. Juu yake mwageni zege la 1:2:4, sentimita 7.5 upande wa nyuma na sentimita 16.5 upande wa mlango, ili liwe sawa. Kwa sakafu ya mita za mraba 18 hiyo ni kama mita 2.15 za ujazo, karibu mifuko 14 ya saruji ya kilo 50. Fundi atakayesema mifuko sita inatosha anapanga kuweka sentimita tatu za saruji juu ya nailoni, na hizo zitapasuka kama biskuti. Mwagilieni maji siku saba. Kisha vumilieni: zege la unene huo linachukua miezi, si wiki, kukauka kabisa. Rudieni kipimo cha nailoni kabla ya kubandika tailizi, na kabla ya hayo yote pimeni urefu hadi darini, maana chumba kitapungua.

La pili ni ufa. Ukuta mlioujenga kuziba mlango umekaa juu ya ukingo wa jamvi, na jamvi halina msingi pale. Udongo ukilowa unashuka, ukuta mpya unashuka nao, ule wa zamani ulio kwenye msingi unabaki, na katikati panaachana. Kuujaza ufa kwa saruji ni kujiandalia ufa mwingine. Ukuta huo ubomolewe. Ni mdogo: kwa mfano, uwazi wa mita 2.4 kwa 2.2, ukitoa dirisha la mita 1.5 kwa 1.2, unabaki na mita za mraba 3.5, yaani tofali kama 33 za inchi sita pamoja na za kuvunjika. Kateni jamvi kwenye mstari wa ukuta, chimbeni mtaro wa upana wa sentimita 45 hadi ufikie kina cha msingi wa pande zote mbili, mwageni zege la sentimita 15, pandisheni tofali za msingi, wekeni karatasi ya kuzuia unyevu, ndipo ukuta. Kila baada ya kozi mbili, toboeni ukuta wa zamani mchomeke nondo ya mm 8 inayoingia sentimita 10 ndani na kulala sentimita 40 kwenye ukuta mpya. Linta ya zamani msiiguse. Imebeba ukuta wa juu miaka yote na haijali kilicho chini yake.

Nje ya ukuta huo, ule mteremko wa gari unaoelekea ndani, kama upo, ukatwe au uwekewe mfereji wenye wavu. Vinginevyo kila mvua itagonga mlangoni kama mgeni.

SWALI: Nyumba yetu iko kwenye kota Buruburu. Ningependa kuifanya gereji iwe bedsita ya kupangisha. Majirani wengi wamejenga bila kuuliza mtu, na hakuna aliyewafanya chochote. Nianzie wapi? — Msomaji, Nairobi

JIBU: Anzia kwenye lizi yako, kabla ya kaunti. Mitaa iliyojengwa kwa mpango mmoja huwa na masharti kuhusu nyongeza na matumizi, na pengine kampuni ya wakazi yenye sauti. Ruhusa ya kaunti haiondoi masharti ya lizi, na jirani aliyenuna anaweza kwenda kortini akiwa na karatasi ambayo wewe hukuisoma.

Kisha kaunti. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka ruhusa ya uendelezaji kwa kazi kama hii, na mtu anayeanza bila ruhusa anaweza kutozwa faini hadi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Michoro itiwe sahihi na msanifu aliyesajiliwa na mhandisi wa miundo, itumwe kwenye mfumo wa mtandaoni wa kaunti. Sheria hiyo inasema usipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, ruhusa inachukuliwa kuwa imetolewa. Usiijengee nyumba juu ya sentensi hiyo moja. Siku zinahesabiwa kwa ombi lililokamilika, na barua moja ya kuomba mchoro uliokosekana inakurudisha nyuma. Hifadhi risiti ya kielektroniki yenye tarehe.

Hakikisha msanifu anatumia Kanuni za Ujenzi za Kitaifa za mwaka 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025 na kuchukua mahali pa zile za 1968. Bado kuna michoro inayonakiliwa kutoka faili za kale. Baada ya kaunti, mradi usajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, kabla mchanga haujamwagwa.

Kuhusu majirani: nyumba isiyo na michoro iliyopitishwa inakaa salama hadi siku ya kuuza au kuomba mkopo. Siku hiyo mthamini wa benki anasimama mbele ya bedsita na kuandika kwamba haimo kwenye ramani.

Na kodi: kama jumla ya kodi ya nyumba unayopokea kwa mwaka ni kati ya shilingi 288,000 na milioni 15, mamlaka ya mapato ya Kenya, KRA, inachukua asilimia 7.5 ya mapato hayo yote bila kutoa gharama, na ritani hupelekwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Shilingi 288,000 ni 24,000 kwa mwezi, kwa hiyo bedsita moja pamoja na chumba kingine unachopangisha zinakufikisha hapo upesi.

SWALI: Tumeigawa gereji kwa ukuta. Upande mmoja analala kijana wetu, mwingine pikipiki na jenereta. Kuna tatizo? — Msomaji, Mwanza

JIBU: Ndiyo, na ni la leo, si la mwezi ujao. Jenereta itoke, na ikiwashwa iwe nje, angalau mita 6 kutoka dirisha au mlango wowote, moshi ukielekea mbali. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki kuikimbia. Mlango wa gereji ukiwa wazi hautoshi.

Kwa pikipiki, pandeni juu mwangalie ukuta unaishia wapi. Mara nyingi umeishia kwenye usawa wa dari, na juu ya jipsamu kuna nafasi moja inayounganisha pande zote mbili hadi kwenye bati. Mvuke wa petroli na moshi vinapita hapo. Ukuta upande hadi chini ya bati, na pembeni pazibwe kwa plasta. Mlango kati ya pikipiki na chumba cha kulala uzibwe kabisa. Kijana aingilie kwingine. Galoni la petroli halina nafasi upande wowote.

SWALI: Tunaishi Milton Keynes. Gereji yetu imo ndani ya mwili wa nyumba na tunataka iwe chumba cha kusalia na cha wageni. Mjenzi anasema Uingereza gereji haihitaji kibali. — Msomaji

JIBU: Mjenzi ana nusu ya ukweli. Kuna vibali viwili tofauti na watu huvichanganya: kibali cha mipango, kinachohusu sura na matumizi, na kanuni za ujenzi, zinazohusu usalama na joto. Kwa nyumba ya kawaida England, kugeuza gereji iliyo ndani bila kuongeza ukubwa wa jengo kwa kawaida hakuhitaji cha kwanza. Cha pili kinahitajika daima.

Hata hicho cha kwanza kina mtego, na mtego huo unapatikana zaidi kwenye mitaa mipya kama ya kwenu. Halmashauri ilipopitisha mtaa mzima, mara nyingi iliandika sharti kwamba gereji zibaki kwa ajili ya magari, au iliondoa kabisa haki za kubadilisha nyumba bila kuomba. Sharti hilo liko kwenye faili la kibali cha awali cha mtaa, na linasomwa bure kwenye tovuti ya halmashauri. Someni pia hati ya nyumba, maana aliyeuza viwanja anaweza kuwa ameweka lake. Mkilikuta, ombeni kibali. Uamuzi kwa kawaida ni ndani ya wiki 8. Msipolikuta, bado tungelipia cheti cha uhalali, kwa kuwa mwanasheria wa mnunuzi atakiulizia.

Kwa kanuni za ujenzi, mjulisheni mkaguzi kabla ya kuanza, kwa taarifa ya ujenzi au kwa michoro kamili. Taarifa ni ya haraka, lakini makosa yanaonekana ukuta ukishasimama. Michoro kamili inachelewesha mwanzo na kuokoa mwisho, nasi tunaipendelea. Ukuta wa nje wa gereji nyingi ni wa tofali moja tu, milimita 102, na lazima upunguze upotevu wa joto hadi 0.30 kwa kipimo cha wati kwa mita ya mraba kwa digrii. Sehemu mpya ya kuziba mlango lazima ifike 0.18. Kwa vitendo hiyo ni sentimita 8 hadi 10 za bodi ya povu gumu juu ya fremu ya mbao, kisha bodi ya plasta. Pimeni kabla ya kununua kitanda: gereji ya upana wa mita 2.4 inabaki karibu na 2.2.

Kama chumba kinaingiliwa kupitia jiko, kinahitaji dirisha la kutokea moto ukizuka: uwazi wa mita 0.33 za mraba, usiopungua milimita 450 kila upande, na chini yake isizidi milimita 1,100 kutoka sakafuni. Fundi wa madirisha anayepima kioo badala ya uwazi unaofunguka amewaponza wengi.

Msimlipe mjenzi sehemu ya mwisho kabla cheti cha ukamilifu hakijatoka. Karatasi hiyo moja ndiyo inayokifanya chumba kihesabiwe kuwa chumba.

SWALI: Tuko San Diego. Gereji ya magari mawili imesimama peke yake nyuma ya nyumba, futi 20 kwa 20, futi moja na nusu kutoka kwenye uzio. Wazazi wanakuja kutoka Goma. Tuliambiwa jiji litatulazimisha kujenga maegesho mengine na kusogeza ukuta. — Msomaji

JIBU: Mliambiwa sheria ya zamani. Tangu 2020 sheria ya jimbo la California inakataza jiji kudai maegesho mbadala gereji inapogeuzwa kuwa nyumba ndogo ya ziada, ile inayoitwa ADU, na jengo lililopo halidaiwi umbali mpya kutoka mpakani likigeuzwa palepale lilipo. Jiji lina siku 60 za kuamua baada ya ombi kukamilika. Nyumba ya ziada isiyofika futi za mraba 750 haitozwi zile ada za athari za maendeleo. Yenu ni 400. Ada za ukaguzi wa michoro na kibali zipo palepale. Msikubali kushawishiwa na aina ndogo inayoitwa JADU, kwani hiyo ni ya ndani ya kuta za nyumba kubwa na gereji iliyoshikana nayo. Yenu imejitenga.

Ila uzio wa futi moja na nusu una bei yake. Ukuta ulio chini ya futi tano kutoka mpakani lazima ustahimili moto kwa saa moja, na chini ya futi tatu hauruhusiwi dirisha wala tundu. Upande huo uhesabuni ni ukuta mtupu, madirisha yote yahamie pande nyingine. Chumba cha kulala kiwe na dirisha la kutokea: uwazi wa futi za mraba 5 kwa sakafu ya chini, upana usiopungua inchi 20, urefu inchi 24, na kizingiti kisizidi inchi 44 juu. Dari isiwe chini ya futi 7, nazo gereji zilizofungwa mbao za kushikilia paa kwa chini hushindwa kipimo hapa. Mhandisi tu ndiye aziguse.

Mahali pa mlango mkubwa ndipo kazi ilipo. Pale zege liko sawa na njia ya gari, na mbao za fremu zikikaa juu yake zitakunywa maji kila msimu. Unahitajika msingi wenye ukingo wa zege ulioinuka inchi 6, na mbao ya chini iwe iliyotiwa dawa ya kuzuia kuoza. Mkaguzi atataka kuona msingi ukiwa wazi. Mkimwaga zege kabla hajafika, mtalivunja.

Kama nyumba mliyonunua ilikuja na gereji iliyokwisha kugeuzwa kimya kimya kabla ya Januari 2020, msiibomoe. Sheria iliyoanza 2025 inalizuia jiji kuinyima kibali kwa makosa ya kanuni tu, mradi haihatarishi afya na usalama.

SWALI: Mimi ni mpangaji. Mwenye nyumba amekubali kwa mdomo nigeuze gereji yake kwa gharama zangu. — Msomaji, Mombasa

JIBU: Maombi ya kaunti yanakwenda kwa jina la mwenye ardhi, kwa hiyo bila sahihi yake hutasogea hata hatua moja, hapo ndipo utajua kama alikubali kweli. Andikeni mkataba kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji: nani anaomba kibali, nani analipa faini kikikosekana, utakaa miezi mingapi bila kupandishiwa kodi, na kiasi gani kinakatwa kwenye kodi kila mwezi. Kiasi hicho kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno.